Ukurasa Mmoja Katika Daftari la Kura

Mkataba wa fleti ile ya Berea ulikuwa kwa jina langu, na ulisema tukae watu wawili. Tulikuwa saba. Mwaka 2015 nilikuwa nimeigawa sebule kwa mapazia niliyoyashona mwenyewe, maana kushona ndiyo kazi yangu, na roshani nilimpangisha baba mmoja Mkongo, mlinzi wa duka. Sisemi haya ili nionewe huruma. Mitaa ile kila mpangaji ana wapangaji wake, na kila mmoja hushtuka mlango ukigongwa.

Nyuma ya pazia la dirishani alikaa bibi mmoja mwenyeji, Mzulu, ambaye sote tulimwita gogo, yaani bibi kwa lugha yake. Jengo alilokuwa akikaa awali, mtaa wa pili tu, lilifungwa na watu wote wakatolewa. Angeweza kwenda kwa binti yake Orange Farm, mbali huko kusini, lakini hakutaka. Alisema kata yake ni hii. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, mpaka siku aliponionyesha daftari lake.

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada gumu. Nchi ile, kura zikishahesabiwa, matokeo ya kituo hubandikwa mlangoni pa kituo chenyewe. Kituo cha gogo kilikuwa shule ya msingi iliyo jirani, na kila baada ya uchaguzi alikwenda asubuhi na kalamu yake, akanakili namba zote za langoni, chama kwa chama. Ukurasa wa kwanza, wa 1994, haukuwa na namba. Alikuwa ameandika tu kwamba alisimama kwenye foleni tangu asubuhi hadi alasiri, na kiatu chake kikakatika. Kurasa zilizofuata zilijaa, na pembeni ya kila diwani aliweka maneno yake: huyu aliahidi taa za barabarani, hazikuja, huyu tulimwona mara mbili, zote mbili wiki ya kampeni. Alikuwa amehama jengo mara nne, lakini kata hakuwa ameihama hata mara moja.

Nikishona, yeye alinisomea. Ndivyo nilivyoijua historia ya kura za mahali ambapo mimi mgeni sikuwa na kura. Chama kilichoshinda kwa mbali miaka ya mwanzo kilikuwa kinasogelewa ukurasa hadi ukurasa, na gogo alilifuata lile pengo kama mtu anayetazama sufuria ikikaribia kuchemka.

"Gogo, wewe ndiwe tume ya uchaguzi," nilimtania.

"Tume ina watu wengi, wanaweza kuchanganya," alinijibu. "Mimi niko peke yangu."

Mapema mwaka 2016 ulikuja uandikishaji kwa ajili ya uchaguzi wa madiwani. Jumamosi hiyo gogo alitoka nyuma ya pazia amevaa koti lake la kanisani, kitambulisho mkononi.

"Sisi," akaniita, yaani dada kwa lugha yake, kama alivyowaita wanawake wote wa rika langu, "fleti yetu namba ngapi hasa? Safari hii wanataka anwani kamili."

Kabla sijajibu, yule baba wa roshani akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ili bibi asielewe: "Mama, bakiandika ile adresse, batakuya kuhesabu watu. Siye tutaenda wapi?"

Nilijiona nimesimama barabarani na cherehani yangu. Basi nikamwambia gogo kwamba anwani ile ni ya aliyetia saini mkataba tu. Nikamwambia asiye kwenye mkataba akiitumia, ni kosa la jinai. Maneno haya niliyatunga palepale, uso mkavu, na nikaongeza kwamba nasema kwa faida yake. Gogo, ambaye hata robot, ile taa ya njia panda, ikiwa nyekundu na barabara tupu alisubiri, alirudisha kitambulisho mkobani. Alikwenda kujiandikisha kwa anwani ya binti yake.

Siku ya kupiga kura, Agosti, baridi kali, alipanda teksi kwenda Orange Farm. Alirudi alasiri, kidole gumba kina wino. Nikamuuliza imekuwaje.

"Nimempigia mtu nisiyemjua," akasema, "kwa ajili ya barabara nisiyoipita."

Kesho yake alikwenda langoni pa shule kama kawaida. Pengo lile alilolifuatilia miaka yote lilikuwa limebaki jembamba kabisa, alisema. Akafungua daftari, akaandika 2016 juu ya ukurasa, akalifunga. Nilimuuliza mbona hajaandika namba, akasema hanakili kura za mahali ambapo hakupiga. Nilirudi kwenye cherehani na pindo nililoshona siku hiyo lilikwenda upogo.

Kabla ya mwaka kwisha alihamia kwa binti yake. Alisema jina lake liko huko tayari, basi na mwili ufuate. Daftari aliliacha juu ya meza yangu, kwa kuwa kata ilikuwa inabaki Berea. Baadaye nilijua kwamba wapangaji wa ghorofa ya chini, waliobanana kuliko sisi, walijiandikisha wote kwa anwani ya jengo. Hakuna aliyekuja kuwahesabu. Ningeweza kuuliza siku ileile. Zilikuwa ngazi tatu tu kushuka.

Mei 2019, baada ya uchaguzi wa bunge la taifa na la jimbo, nilikwenda langoni pa shule na kalamu. Nilinakili karatasi zote mbili katika daftari la gogo, polepole nisikosee. Jumapili nikalichukua daftari, nikapanda teksi kwenda Orange Farm, na njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomwambia: gogo, nilikudanganya, nilijiogopea mwenyewe.

Alivaa miwani akasoma kila namba kwa kidole. Alifurahi hasa. Binti yake, aliyekuwa akitumiminia chai, alichungulia na kuona ule ukurasa mtupu wa 2016, akauliza kulikoni.

"Mwaka huo nilikuwa sina anwani," gogo akasema. "Nilitaka kutumia ya watu. Huyu ndiye aliyenizuia nisivunje sheria katika uzee wangu." Akanishika mkono. "Ulinitunza, mwanangu."

Maneno yangu nilikuwa nayo, yamepangwa yote.

"Asante, gogo," nikasema, nikapokea chai.