Kishada Kikubwa cha Kimani, Mashariki ya Thika

Tuliondoka Ruiru Jumamosi hiyo kwa sababu ya sharti tulilowekewa na Mama Nduta. Yeye ni mwenyekiti wa wakulima wanaomwagilia maharagwe ya mishiri na nyanya kutoka bwawa moja kubwa mashariki ya Thika, na bila ruhusa yake hakuna anayeingia maji yale. Mwezi uliotangulia kaka yangu Kimani aliingia na kishada chake, upepo ukalegea, kishada kikaanguka, na Mama Nduta mwenyewe akatoka na mashua ya wakulima kumfuata katikati ya bwawa. Alipomfikisha ukingoni alisema maneno machache tu.

"Mara moja zaidi. Huyu mkubwa aondoke hapa, arudi hapa, na mimi nisiguse hii mashua. Akishindwa, mtafute maji kwingine."

Kwa ambaye hajauona mchezo huu: mtu husimama juu ya ubao majini akiwa amevaa mkanda mpana kiunoni, na mbele yake nyuzi nne ndefu zinapanda hadi kwenye kishada kikubwa kama paa la kibanda. Upepo unavuta kishada, kishada kinamvuta mtu. Pwani upepo ni wa kumwaga. Huku kwetu bara huja mwembamba, unapumua kidogo na kukata, na wengi huamini hauwezi kubeba mtu mzima. Mimi sikuamini hivyo. Nilikaa Diani, kule pwani, miaka kadhaa nikishona vishada vilivyoraruka, nikajifunza kuvirusha na kuvirekebisha, na sasa ninashona maturubai katika Eneo la Viwanda Thika. Kwa nyuzi na kitambaa sibahatishi.

Asubuhi Kimani alinipitia nyumbani Gatongora, pale Ruiru. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mwiki, na pikapu yake ilikuwa bado na vumbi la saruji. Tulipakia vishada viwili: chake cha mita za mraba kumi na saba na changu cha kumi na mbili.

"Wairimu, leo nataka hii yako," alisema kabla hata hajawasha gari.

"Yangu ni ya mwili wangu. Wewe ni mara mbili yangu."

"Lakini hii yangu iliniangusha. Tena mbele ya watu."

"Itakubeba. Tukifika nitaiangalia uzi kwa uzi."

Aliwasha gari. Niliona wazi kwamba kile kishada kilikuwa kimemvunja moyo. Kimani ni mtu wa kubeba simenti mbili kwa mpigo huku akipiga mluzi, lakini asubuhi hiyo alishika usukani kama anayepelekwa hospitali.

Thika tulisimama karakana ninakofanyia kazi, tukachukua ubao mpana niliokuwa nimeuandaa wiki hiyo. Ubao mwembamba uliopinda hufaa penye upepo mkali. Upepo ukiwa haba unataka ubao mpana, bapa kama mlango, unaoelea mapema na kuteleza bila kudai nguvu nyingi. Kimani aliupima kwa macho, akaugonga na vidole.

"Huu ni wa kulalia," alisema. Nilifurahi. Alikuwa ameanza tena kutania.

Kutoka Thika tulishika barabara ya mashariki. Tuliyapita mashamba ya mananasi, kisha nchi ikafunguka, miti ikapungua, udongo ukawa mwekundu zaidi. Njia nzima nilikuwa nikisoma upepo. Moshi wa jiko la mahindi kando ya barabara ulipanda wima kama mlingoti. Mbele zaidi, nguo kwenye kamba ya mtu zilikuwa zimetulia tu. Sikuwa na wasiwasi. Upande ule asubuhi huwa kimya, upepo huamka ardhi ikishapata joto.

Tulipofika, Mama Nduta alikuwa ameketi chini ya paa la mabati karibu na mashine ya kupampu maji. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kofia ya majani na sauti ya kwaya.

"Karibuni. Mumekuja na yule wa kuanguka?"

"Ndiye mimi, mama," Kimani alisema, akitazama viatu vyake.

"Haya, kwanza kula. Sitaki mtu azame kwa bwawa langu na njaa."

Aliombea chakula, akatupakulia githeri ya mahindi na maharagwe. Wakati tukila alituambia jambo ambalo hakuwa amelisema siku ile ya mashua. Yeye hajui kuogelea. Alipomwona Kimani akipiga maji huku nyuzi zimemzunguka, alipanda mashua hivyo hivyo, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuiendesha.

"Kwa hivyo msidhani mimi ni mkali bure," alisema. "Niliogopa sana. Na nilikasirika kwa kuogopa."

Kimani aliacha kutafuna. "Pole, mama. Sikujua."

Baada ya chakula nilitandaza kishada cha mita kumi na saba kwenye majani, nikafunga ncha za nyuzi zote nne kwenye nguzo ya ua. Kisha nikashika mpini, ile fimbo ambayo mchezaji huendeshea kishada, nikarudi nyuma mpaka zikakaza. Nyuzi zikiwa sawa, mpini hauinami upande wowote na zote hukaza pamoja. Hizi hazikuwa sawa. Zile mbili za nyuma zilikaza kwanza, na zile za mbele zikabaki zinaning'inia. Tofauti ilikuwa upana wa kiganja changu.

"Kimani, njoo uone kilichokuangusha."

Nilimweleza. Nyuzi za mbele ndizo hubeba uzito wa mtu, kwa hivyo kishada kikitumika sana nyuzi hizo hurefuka, na zile za nyuma hubaki fupi. Kishada kikivutwa hivyo kwa nyuma, kinakuwa kama farasi aliyekazwa hatamu: hakiendi mbele. Kwenye upepo mkali utalivumilia kosa hilo. Kwenye upepo mwembamba kishada kinasita, kinarudi kinyumenyume, kinadondoka.

"Kwa hivyo si uzito wangu?"

"Si uzito wako. Si upepo. Ni hizi."

Alichuchumaa akazishika zile nyuzi, akazivuta yeye mwenyewe mara kadhaa, kama anayetaka zikiri. Kwenye ncha za kishada kuna kamba fupi zenye vifundo kadhaa vya kufungia nyuzi. Nilizisogeza nyuzi za nyuma mpaka kifundo cha nje kabisa ili zirefuke. Halafu tukajaza upepo mrija wa ukingo wa mbele wa kishada mpaka ukalia kama ngoma, maana mrija ukilegea kishada kizima hulegea.

Upepo ukaja. Kwanza matete ya upande wa pili yaliinama, kisha maji yakapata mikunjo midogo. Kimani alivaa kofia ngumu na jaketi la kuelea. Nilimshika bega.

"Kitu kimoja tu. Ukiona kishada kinalegea, usivute mpini. Sukuma mbali na wewe. Mkono utataka kuvuta. Uukatalie."

Aliondoka. Kishada kilipanda bila kusita, na kwa mara ya kwanza nilikiona kikikaa juu kwa utulivu. Alikishusha na kukipandisha kama anayechora mawimbi angani, ubao ukainuka, na kaka yangu akasimama juu ya maji. Mama Nduta alimwita Mungu kwa sauti ndogo, "Ngai!", kisha akafunga mdomo haraka.

Lakini hakikuwa na mvuto wa kutosha. Kila alipojaribu kukata kuelekea upepo unakotoka, upepo ulimrudisha kule unakoelekea. Alirudi ukingoni salama, ila alitokea mbali, kwenye matete, na ilibidi atembee kuja tulipokuwa.

"Mashua sijaigusa," Mama Nduta alisema. "Lakini nilisema hapa. Pale si hapa."

Kimani alinitazama, na niliona ile hofu ya asubuhi ikirudi. "Nipe yako, Wairimu. Hii haivuti."

"Haivuti kwa sababu nimeilegeza mno. Kabla ilikuwa imekazwa ikashindwa kupaa, sasa inapaa lakini haina nguvu. Ukichukua yangu utasimama hapo kwa maji kama nguzo ya stima. Nipatie dakika."

Nilizirudisha nyuzi za nyuma kifundo kimoja ndani. Kimoja tu. Mama Nduta alisogea akainama kuangalia. "Hako kadogo hivyo?"

"Hako kadogo, mama."

Safari ya pili nilijua kabla hajafika mbali. Nyuzi ziliimba. Kimani aliegemea nyuma, akaukanyagia ubao kisigino, na mstari mweupe nyuma yake ukaanza kukata kuelekea upepo unakotoka. Alifika karibu na ng'ambo, akageuka, akaanza kurudi.

Hapo katikati, upepo ulikata.

Matete yalisimama wima. Kishada kilitikisika, pembe zake zikakunjana kidogo, kikaanza kurudi nyuma kuelekea maji. Niliiona mikono ya Kimani ikivuta mpini kifuani. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, "Sukuma! Kimani, sukuma!" Sijui kama alisikia. Mama Nduta alikuwa ameshatembea hadi kwenye mashua, mkono mmoja ukiwa juu kidogo ya ukingo wake, hajaigusa.

Mikono ya Kimani ilinyooka. Kishada kilisita, kikajaa, kikaenda mbele na kupanda. Yeye alikuwa amezama hadi kiunoni; kikamtoa taratibu, na upepo mdogo uliofuata ukamweka juu ya ubao. Alikuja akiwa ameinama, bila kutazama popote ila juu, akatua hatua chache kupita pale alipoondokea, upande upepo unakotoka.

Mama Nduta aliushusha mkono, akaiacha mashua. Alimwendea Kimani ndani ya maji hadi magotini, akamshika mashavu yote mawili.

"Jumamosi ni zenu," alisema. "Lakini mmoja wenu atanifundisha kuogelea."

Jioni tulirudi Ruiru tukiwa tumechoka vizuri. Tulifika langoni kwangu. Hapo Kimani alitoa simu, akampigia mtu ambaye sikuwa nimewahi kusikia habari zake, kumbe mnunuzi wa kile kishada.

"Niaje. Ile kaiti tuliongea juu yake... hapana, haiuzwi tena. Sikuwa nimeijua."

Safari hiyo ilinifunza jambo ambalo Diani, penye upepo wa kila siku, sikuhitaji kulijua. Mtu mzito kwenye upepo haba anataka kishada kikubwa, ubao mpana, na nyuzi zilizopimwa upya, na tofauti ya kupaa na kuanguka inaweza kuwa kifundo kimoja. Hayo ningeweza kuyafanya peke yangu nikiwa karakana. Lililobaki lilikuwa la Kimani, kunyoosha mikono wakati mwili wote unamwambia avute, na hilo nisingeweza kumfungia kwenye uzi wowote.