Neno Katika Ripoti ya Getruda

Harufu ya dagaa walioanikwa juani hunirudisha Igogo, na Igogo hunirudisha kwa dada yangu Getruda. Bomba la mtaa wetu lilitoa maji siku mbili kwa juma. Siku nyingine tulikwenda ziwani. Getruda, aliyenizidi miaka minne, aliingia majini hadi magotini akasugua masufuria, nami nikayapokea mwambani. Nyumbani tulifunzwa kuwaamkia wakubwa kwa kupiga goti, macho chini, na kutosema mpaka tuulizwe.

Alipokuwa kidato cha kwanza, muuguzi alifika shuleni kwao na dawa ya kichocho. Aliwataka wanaopata choo chenye damu wasimame mbele ya darasa zima. Waliosimama walipewa vidonge, wavulana wakawazomea.

“Mimi nilikaa,” Getruda aliniambia ziwani, akisugua sufuria lililokwisha kutakata. “Na damu naiona tangu Pasaka. Ukisema, wewe si mdogo wangu tena.”

Niliazimia kumwambia mama hata hivyo. Jumamosi ile ikaja ripoti ya muhula. Chini ya alama, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza: diffident. Baba alifungua kamusi, akafuata mstari kwa kidole, akasoma kwa sauti: mwenye haya.

“Mungu ashukuriwe!” mama alisema.

Jirani yetu Mama Koku, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka. “Mwenzangu, niazime huyo. Wangu kaandikiwa mropokaji.”

Mchana ule Getruda alipewa kichwa cha sato, ambacho kwa kawaida kilikuwa cha baba. Mama akanigeukia: “Na wewe, mwige dada yako.”

Nikamwiga.

Miaka mingi baadaye, nikisoma Kilatini, nilikutana na mzizi wa neno lile: fidere, kuamini, pamoja na kiambishi kinachoukanusha. Hapo asili lilimtaja mtu asiyeamini wengine. Baadaye ndipo likamtaja asiyejiamini mwenyewe, na mwisho mwenye haya. Kamusi ya baba haikukosea. Lakini nyumba nzima tulisikia sifa, tukampa samaki, wala hakuna aliyeuliza mtoto huyu anamwogopa nani. Aliniamini mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyepaswa kumsaliti.

Alianza kutapika damu akiwa kidato cha nne. Daktari alisema kichocho kilikuwa kimeharibu ini, akauliza dalili zilianza lini. Baba na mama wakatazamana. Nikasema. Getruda alifariki kesho yake.