Theluthi ya Pumzi

Mke wangu alipofariki, watu walileta sukari. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Kwetu Kaloleni mtu akiondoka duniani, wanaompenda hupeleka sadaka madrasa ili watoto wale na wamwombee, kwa kuwa tunaamini dua ya mtoto haina pazia. Madrasa yenyewe ni chumba kimoja kilichoko uani kwangu, na watoto walikuwa wakimwita marehemu Bibi. Basi kila Alhamisi alasiri zilikuja kashata, visheti, halua, maandazi, soda, na yale maji ya rangi yanayokorogwa ndooni kwa unga wa pakiti. Nilipokea vyote. Niliwaambia Mungu awalipe.

Watu waliniuliza ninaendeleaje, nami nikawa najibu alhamdulillah. Sikuwa nawadanganya, maana sikuwa na maumivu. Mguu ukikaliwa muda mrefu hufa ganzi. Hauumi, ila ukikanyagia hujui kama umegusa chini. Nilisali, nilifundisha, nilikula nilichowekewa. Ninashukuru kwamba sala zina nyakati zake. Bila hizo nisingetofautisha asubuhi na jioni.

Siku moja baada ya watoto kutawanyika, alikuja mama wa mmoja wao. Ni mshonaji, ana cherehani yake barazani kule Levolosi. Binti yake alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, ana sauti nyembamba lakini mwepesi wa kuhifadhi kuliko wakubwa. Akanieleza kwamba hospitali wamemkuta mtoto ana kisukari, kile kinachowapata watoto, na sasa anachomwa sindano asubuhi na jioni. Siku nyingine sukari inakaa vizuri. Alhamisi inapanda. Alikuwa amemkataza kula vya madrasa, mtoto akakaa pembeni akiwatazama wenzake wanavyolamba vidole, mwisho akashindwa.

“Maalim, nimekuja kuaga,” alisema. “Sina ugomvi na mtu. Lakini siwezi kumleta mahali anapolishwa kinachomuua, tena kwa jina la Mungu.”

Nilijua kwamba hilo ni jambo la kunichoma. Nililiangalia likipita. Kilichonisukuma kujibu ni mazoea ya miaka mingi tu: mtoto haondolewi chuoni kama kuna njia. Nikamwambia amwache, tutabadilisha sadaka, na watoto wote watakula kitu kimoja.

“Wote?”

“Wote. Hakuna atakayekaa pembeni.”

Akasema basi tujaribu.

Kazi ilikuwa kwa jirani yangu. Alikuwa shoga mkubwa wa mke wangu na kashata zote zilitoka jikoni kwake. Nilipomweleza kwamba sasa tutapokea karoti, matango, njugu, mayai ya kuchemsha, alikuja juu.

“Shemeji, tango? Marehemu alikuwa mwenzangu tangu ujana, leo nimpelekee tango huko aliko?”

Nikamwambia sadaka ni kile kinachomfaa anayepewa.

“Na mtoto gani atamwombea mtu kwa tango? Ataomba dua fupi huyo.”

Marehemu angecheka hapo mpaka ashike mbavu. Mimi niliona tu kwamba ni maneno ya kuchekesha. Hata hivyo Alhamisi iliyofuata jirani alikuja na sinia la karoti, zile tamu zinazoteremshwa kutoka Oldonyo Sambu, amezimenya na kuzikata vidole vidole, na bakuli la njugu. Watoto walizitazama karoti kama watu waliokosea nyumba. Kisha mmoja akauma, ikalia kwa sauti, wengine wakataka nao zilie. Dua haikuwa fupi.

Nilipoona wamekubali, nikaongeza. Ilikuwa miezi ya baridi, mlima Meru hauonekani kwa mawingu, watoto wanakuja na masweta juu ya kanzu na kukaa wamejikunyata mkekani. Nikaanza kuwatoa uani baada ya somo, wakimbie kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi, kabla ya kugawa chakula. Niliwafundisha kwamba mwili ni amana, na aliyepewa ataulizwa aliutunzaje. Niliwaambia hata Mtume alishindana mbio na mkewe, wakacheka wakaniuliza nani alishinda. Nikawafundisha pia lile linalojulikana na kila Mwislamu kuhusu tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Nilichora ubaoni duara, nikaligawa mara tatu. Walilipenda. Walilisema kwa pamoja mpaka likawa kama wimbo.

Mimi nilichora tumbo. Wao waliona sahani.

Sikulijua hilo mpaka Alhamisi moja watoto wakiwa katika mbio zao. Mshonaji alikuwa amewahi kumfuata binti yake, amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa nampokea jirani sinia. Mtoto alifika ukutani, akageuka, akaanza kurudi akiyumba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilidhani anacheza. Mama yake alishamfikia. Sweta lilikuwa limelowa jasho katika ile baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyopangika. Mama alikaa chini naye, akafungua pindo la khanga alimokuwa amefunga sukari, akamlambisha kidogo kidogo, huku akimwita kwa sauti ya chini. Baada ya muda mtoto alifumba macho, akayafumbua, akaomba maji.

Mama yake hakunipigia kelele. Alimuuliza mtoto, “Mchana ulikula?”

“Nilikula.”

“Ukamaliza?”

Mtoto alinitazama mimi, si mama yake. “Nilimwachia pumzi.”

Ikaja kueleweka taratibu. Kila siku tangu nilipochora lile duara, alikuwa akigawa ugali wake kwa kidole mara tatu na kuiacha sehemu ya pumzi sahanini. Siku ambazo mama yuko cherehani, hakuna aliyeona. Sehemu nyingine alimwachia maji. Sindano ilikuwa inangoja chakula kizima, yeye anaipa theluthi, halafu mimi namkimbiza, sukari ikashuka kupita kiasi. Tukawauliza wengine. Karibu nusu yao walikuwa wanafanya vilevile, na mama zao wakidhani hawaipendi mboga.

“Haya,” jirani alisema, “pumzi imeshiba, mtoto kaanguka.” Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mshonaji alimbeba binti yake mgongoni. Nilimwambia ninaomba radhi. Akajibu kwamba mtoto atapumzika nyumbani kwanza. Hakusema mpaka lini.

Niliwafutia watoto lile duara, nikawaeleza upya: sahani imalizwe, pumzi haili ugali, na tumbo linakuambia lenyewe likitosheka. Nafasi ya yule binti mkekani ilikaa wazi. Watoto hawakuisogelea. Nilifundisha mbele ya ile nafasi nikiwa mkavu kama ubao, nikimshukuru Mungu kwamba amemnusuru, nikijua kwamba ninashukuru kwa ulimi.

Mwishowe nilitembea hadi Levolosi. Nilimkuta barazani, anashona sare za shule, mtoto amekaa miguuni pake anachambua vifungo. Mtoto alinipa shikamoo, nikaipokea. Sikumwomba mama amrudishe. Nilimwambia nimekuja kujifunza: nimtambueje mtoto sukari ikishuka, nifanye nini.

Aliendelea kukanyaga cherehani huku akinieleza. Jasho bila joto. Kutetemeka. Kuongea ovyo. Hasira ya ghafla. Kwanza nimuulize kama amekula na amemaliza, kabla ya kumruhusu kukimbia. Sukari ikae mfukoni mwangu, si kabatini. Kama hawezi kumeza, nisimtie kitu mdomoni, nikimbilie hospitali.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Nilisahau hasira.

“Umeruka moja, Maalim.”

Mtoto alicheka, kwa kuwa hilo ndilo neno ninalowaambia wao. Nikarudia tangu mwanzo. Mara hii nilikosea mpangilio, nikaweka hospitali kabla ya sukari, akanirekebisha bila kuinua macho kwenye mshono. Nikarudia tena. Alipokata uzi, aliweka mguu chini na cherehani ikanyamaza.

“Jumatatu nitamleta.”

Nikasema nitamngoja.

“Usimngoje mlangoni,” alisema, “kuna baridi.”

Jumatatu nilimngoja mlangoni.