Kasuku Aliyegoma Kuamkia

Mjomba alimnunua sokoni Temeke, kasuku mdogo wa kijani aliyenaswa msitu wa Pugu. Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliuzwa, hata ndege wa porini. Bibi yangu akaanza kumfundisha adabu, asubuhi na jioni: "Sema shikamoo, we mwana hizaya!" Ndege kimya, anamkodolea macho tu. Mie nilikereka kuliko Bibi. Mtama wetu anakula, kuamkia hataki!

Siku moja kundi la wenzake likapita juu ya paa likipiga kelele. Akarukaruka tunduni, akawaitikia mpaka majirani wakatoka nje.

"Kumbe anasema," Bibi akanong'ona, "ila si na sie."

Akafungua tundu. Huyoo, akawafuata.

Tangu hapo kundi likipita, Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaamkia: "Shikamooni!"