Alinikataza Kumpiga Picha, Nikampiga

Jamani, mwenye kosa ni mimi. Sitaki mtu anitetee. Huu ni mwezi wa nne nalibeba hili jambo, na hata dada yangu tunayelala chumba kimoja sijamwambia.

Mimi ni fundi cherehani, Kyela mjini. Jumamosi moja nilifunga kibanda changu nikapanda bodaboda mpaka Matema, kutembea tu. Kule ufukweni kuna mtaa wa wauza vyungu ambao kila mtu anauweka status. Nami nikataka kuuona kwa macho yangu.

Mtaa mzuri, acheni! Nyumba ndogondogo zimebanana kati ya mlima na ziwa, vijia vimefagiliwa, maua yamepanda mpaka juu ya mapaa, vyungu vimepangwa barazani. Nilizunguka asubuhi nzima napiga picha kila kitu.

Kwenye nyumba moja ya bluu nikamkuta dada anachora nakshi kwenye chungu kibichi. Tuseme anaitwa Ambwene, maana jina lake silitaji.

"Ugonile, dada," nikamsalimia. "Naomba nikupige picha."

Akavuta kitenge haraka, akajifunika uso. "Hapana. Piga vyungu. Mimi niache, tafadhali."

Nikasema sawa. Akanikaribisha ndani, akaniambia nisubiri ndizi ziive, nisiendelee kuzunguka na njaa. Hanijui, simjui!

Alipoinama kuchochea moto, mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni. Alipendeza mno. Nikapiga. Mlio wa simu nilikuwa nimeshauzima. Ee Mungu, nilijua kabisa ninachofanya!

Nikaitupia status: "Matema raha! Niko kwa mwenyeji wangu, mtaa wa vyungu, nyumba ya bluu."

Hazikupita dakika kumi, mteja wangu mmoja wa Busale akaniandikia: "Picha nzuri. Hapo ni upande gani?" Kaka huyo ana mashine ya kukoboa mpunga, nimemshonea suruali mara mbili, mtu mpole, hana maneno. Nikamwelekeza yote, ukipita kanisa, ushike njia ya kushuka majini. Akauliza kama bado tupo. Nikamjibu tupo, tunasubiri ndizi. Nikaweka na kicheko!

Tukala. Ndipo Ambwene akaanza kunieleza, macho yako mlangoni.

"Usinione nina maringo na picha, dada. Nilimkimbia mume. Alikuwa ananipiga mpaka nazimia. Hapa nimehifadhiwa na shangazi. Kule Busale hakuna anayejua nilipo."

"Mumeo anafanya kazi gani?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Ana mashine ya kukoboa mpunga. Ukimwona huwezi kuamini. Mpole!"

Ni yuleyule mteja wangu.

Nikaichungulia simu chini ya kanga. Kulikuwa na neno moja: "Nakuja."

Ningesema palepale! Lakini niliona aibu. Mtu amenilisha, kitu alichoniomba ni kimoja tu, halafu naanzaje kumwambia? Nikafuta ile status. Nikajidanganya kwamba yule bwana anatania, Busale ni mbali. Nikamshukuru, "Ndaga, dada, nachelewa usafiri," nikapanda bodaboda nikaondoka.

Hatujafika Ipinda tukapishana na pikipiki. Alikuwa yeye, peke yake, ameulalia usukani, mwendo wa hatari.

"Geuza!" nikampigia kelele dereva wangu. "Geuza, kaka, mtu atakufa!"

Namba ya Ambwene sikuwa nayo. Ya jirani yeyote sikuwa nayo. Nilichoweza ni kulia mgongoni mwa yule dereva na kumwambia aongeze mwendo.

Tukakuta watu wamejaa. Wavuvi walikuwa wamemlaza yule mume mchangani, wamemfunga kamba, wanangoja polisi. Ambwene alikuwa amekaa kizingitini, mkono umevunjika, damu inamtoka puani.

Aliponiona akasema, "Dada, umerudi? Nenda zako, hapa si salama." Ananihurumia mimi!

Nikapiga magoti mbele yake na shangazi yake, nikasema yote. Picha, maelekezo, lile neno moja.

Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wakati tunakula, ulishajua anakuja?"

"Ndiyo."

"Muda ulikuwepo, dada. Mtumbwi wa shangazi ulikuwa hapo nje. Ungeniambia tu."

Ndiyo maneno ya mwisho aliyosema nami. Mume yuko mahabusu. Ambwene alihamishwa, sijui wapi, na shangazi yake alinikataza kukanyaga tena mtaa ule. Ana haki.

Nyinyi wenzangu mnaopenda kuzunguka mitaa ya watu na simu mkononi, nawaomba. Mtu akikuambia usimpige picha, hujui anamkimbia nani. Na ukishakosea, sema hapohapo, hata kama aibu inakukaba koo! Mimi nilijua kinachokuja barabarani, nikaaga vizuri, nikamwacha anaosha vyombo.