Siku Niliyomsemea Mama

Naisikia hadi leo fimbo ya mwalimu ikigonga ubao, nasi darasani katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tukiimba, "She eats, they eat." Aliyesahau ile "s" alirudishwa nyuma ya darasa.

Juzi nilimwona mtoto akimsemea mamake kwa daktari, nikakumbuka mchana wetu mjini Mbarara, nikiwa bado mwanafunzi. Korido ya hospitali ilinuka dawa. Mama alijishika tumbo, akanibembeleza mimi bintiye:

"Umuambie dokta, mama yangu. Inaniuma mingi! Ni wewe unajua Kingereza."

Sikujua kwamba madaktari hawasahihishi sentensi. Niliogopa nikikosea, Mama atarudishwa nyuma ya mstari bila dawa. Nikapanga maneno kichwani, nikayapangua. Mama akainama, akalia. Nikamwacha kwenye benchi, nikaenda kumvuta daktari koti, nikasema Kiingereza vile kilivyokuja.