Ulanzi wa Mama

Harufu ya yai viza hunirudisha Iringa, kwenye jalala la mji, ambako mama alifukua makopo ya kutengenezea koroboi. Hewa iliyofuka chini ya taka ilimtia kizunguzungu. Akipita mtaani kwetu Kihesa anayumba, macho mekundu, majirani walimsalimu wakicheka: “Kamwene, mama! Ulanzi umekolea leo!”

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaninong'oneza, “Waache. Heri waseme nimelewa kuliko wajue natoka jalalani.”

Basi nami nikiulizwa nilijibu, “Ndiyo, amekunywa.”

Kisha mvua zikakatika, mianzi ikaacha kutoa ulanzi, vilabu vikafungwa. Mama akaendelea kurudi akiyumba. Majirani hawakucheka tena, walinitazama mimi.